Mji huu una mlango: barua kwa vijana mnaopanga safari ya Amu

Wanangu na wajukuu zangu mnaokusanyana huko Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam kupanga safari ya siku tatu ya Amu, salaam alaikum. Nyinyi mwaiita Lamu, na si kosa.

Mimi ni mwanamke wa Mkomani, mtaa wa kale wa Amu, nimepita sabini, na kazi yangu ni kushona kofia za viua. Sijazoea kusema hadharani. Lakini Maulidi ya mwaka huu yaliniacha na hasira, na hasira ya mtu mzima isipotokea mdomoni hupanda kichwani ikawa presha.

Kisa chenyewe ni hiki. Ilikuwa Alhamisi, yapata saa tatu asubuhi. Dada yangu mkubwa ametoka kuosha nywele, ameketi kiwandani kichwa wazi, anaanika mvi zake. Kiwanda kwetu si mahali pa mashine. Ni ua ulio ndani ya nyumba, kuta pande zote, juu mbingu. Mimi niko msanani, chumba kirefu kinachotazama kiwanda, kofia gotini, natia uzi katika sindano kwa mara ya tano kwa sababu macho yamechoka. Tukasikia mvumo kama wa nyuki waliochokozwa. Nikainua uso, nikaona dudu jeusi lenye mikono minne, hiyo ndege ya kamera muiitayo droni, limesimama hewani juu ya kiwanda chetu, lina jicho moja, latutazama.

Dada yangu alinyakua kilichokuwa karibu, kitambaa cha kufutia masufuria, akajitupia kichwani. Lile dudu halikuondoka. Lilikaa kadiri ya mtu kusoma Kul huwallahu mara tatu, ndipo likaenda zake kwa jirani. Baada ya magharibi mjukuu wangu akaniletea simu. Kiwanda chetu kile, na dada yangu yule, na mvi zake. Chini pameandikwa: "Maisha halisi ya Lamu."

Halisi! Miaka zaidi ya sitini hakuna mwanamume asiye maharimu aliyewahi kuona nywele za dada yangu. Sasa zimeonwa na watu wasiojua hata jina lake.

Wanangu, nataka mwelewe jambo moja kabla hamjalipia boti. Nyumba ya kale ya Amu yote imejengwa kwa hodi. Kwanza kuna daka, kile kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili. Hapo ndipo mgeni asiyejulikana hukomea, na haoni vibaya. Ukifunguliwa mlango waingia tekani, ukumbi mdogo wa mlangoni, na njia ya tekani hupinda makusudi, ili mpita njia asichungulie ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha kiwanda. Kisha msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho kabisa ndani, chumba cha mwenye nyumba, chenye vidaka vya chokaa ukutani. Kila hatua ina watu wake. Waliojenga kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko walifikiria jicho la mtu kabla ya kufikiria jua na mvua.

Mkipita vichochoroni tazameni juu, mtaona chumba kimevuka njia kutoka nyumba hii hadi ile. Hilo laitwa wikio. Wanawake walikuwa wakienda kwa dada zao na shangazi zao bila kushuka njiani. Na waliposhuka palikuwa na shiraa, turubai la nguo lililowasitiri kuanzia kichwani. Msidhani nasifu kila kitu: shiraa ilibebwa na watumwa, na hao watumwa wenyewe hapana aliyewasitiri. Bibi yangu alikuwa akilitaja jambo hilo kwa sauti ndogo, na mimi nalitaja kwa sauti hiyohiyo. Lakini sitara ambayo zamani ilikuwa ya wachache leo ni ya kila mwanamke wa mji huu, wa mtaa wa Mkomani na wa mtaa wa Langoni, mwenye ghorofa na mwenye kibanda cha makuti. Hiyo tuliipata. Haiwezekani tunyang'anywe na kijana mwenye rimoti.

Na sheria ipo, msiseme bibi anatunga. Kenya hii huwezi kurusha dudu hilo bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ila hata ukiwa na karatasi yenye muhuri, muhuri haupigi hodi. Hodi hupigwa na mtu. Hupigwa mara tatu. Kukiwa kimya, mtu hurudi alikotoka wala hanuni. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na hivyo ndivyo nilivyowafunza wangu.

Mkitaka nyumba ya kale ya kupiga picha, Makumbusho yana moja ya karne ya 18, imefunguliwa kwa wageni, ina vidaka, vitanda, mpaka vyombo vya jikoni. Ingieni humo mpige mpaka betri ziishe. Ngome pia ni yenu. Ilianzwa 1813, ikamalizwa 1821, na mpaka 1984 ilikuwa jela. Utotoni tulikuwa tukipita mbele yake mbiombio. Leo ukipanda juu waona paa za mji kwa mbali, kwa adabu, bila kumwinamia mtu kichwani.

Sasa niwageukie wa kwangu, maana fimbo ya mgeni pekee si haki. Yule kijana hakuruka kutoka Nairobi akatua juu ya kiwanda chetu. Alisimama kwenye paa, na paa alikodishiwa, na aliyemkodishia amezaliwa hapa, amekula kaimati jikoni mwangu. Nilipomuuliza akaniambia, "Bibi, siku hizi ni biashara." Tumeuza nyumba za babu zetu moja baada ya moja, walionunua wakaongeza ghorofa ya makuti juu ya ghorofa ili wapate upepo, na kutoka huko juu kila kiwanda cha jirani ni kama sinia mezani. Hatukusema neno. Mwaka 2001 UNESCO iliutia mji huu katika Urithi wa Dunia na tukapiga vigelegele. Lakini hawa wa UNESCO huhesabu milango na kuta. Sitara ya mtu aliye nyuma ya mlango ni kazi yetu wenyewe kuilinda, na tumeiachia bichiboi aichunge.

Nimesema, nimepumua. Sasa tuzungumze safari.

Kikundi kilichokuja na dudu lile kilikuwa na ratiba ya karatasi, na mjukuu wangu aliiokota gatini. Nimeihifadhi. Ijumaa saa saba kasoro: "Msikiti wa Riyadha, picha." Ijumaa, saa saba kasoro! Jumamosi saa nne asubuhi: "Boti kwenda magofu ya Takwa." Aliyeandika hakutazama mwezi. Maulidi ya Riyadha husherehekewa mwisho wa Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, mwezi mpya uko karibu kuandama, na hiyo ni bamvua, siku za maji kujaa sana na kutoka sana. Siku za bamvua kwetu maji hujaa alfajiri na jioni kama saa kumi, na saa nne za asubuhi huwa yametoka kabisa. Takwa iko kisiwa cha Manda, na boti huingia kwa mkono wa bahari uliopita katikati ya mikoko. Maji yakitoka, pale hubaki tope. Nimeambiwa walikaa topeni saa tatu, viatu vyeupe mikononi, wakimlaumu nahodha. Nahodha alikuwa amewaambia tangu jana yake. Walimjibu kwamba wameshapanga.

Bahari haisomi karatasi. Mwulizeni nahodha saa ya maji kwanza, ndipo muandike ratiba. Na mkifika Takwa tembeeni polepole: ule msikiti una nguzo juu ya ukuta wa kibla, na hadi leo watu wa Shela, kijiji cha kisiwa chetu, huvuka kwenda kuzuru na kuomba mvua. Mahali hapo hapajafa. Msikalie kaburi ili mpigwe picha.

Mengine nayapita haraka. Kwa ndege mtatua Manda kisha mvuke kwa boti. Kwa basi kutoka Mombasa ni mwendo wa siku nzima kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, nako pia mtavuka. Ondokeni alfajiri msije mkavuka usiku. Nguo ya heshima, wavulana pia, kaptura ni ya ufukweni. Ramadhani msije mkitafuta chakula cha mchana. Noti ndogondogo mfukoni. Kwenye kichochoro mpisheni punda, yeye hawapishi. Siku hizi na pikipiki, Mungu atusamehe. Vilima vya mchanga vya Shela msivikanyage ovyo wala msiache takataka huko, kwa sababu chini yake ndimo yalimo maji matamu tunayokunywa kisiwa kizima.

Kama mwaja kwa Maulidi, jueni mwaja kwa nani. Riyadha ulianzishwa na Habib Swaleh, sharifu wa ukoo wa Jamalilleil, aliyefariki mwaka 1935. Alifunza watu ambao waungwana wa wakati ule hawakutaka kukaa nao mkeka mmoja. Ndiyo sababu matari yakaingia katika ibada ya hapa, na ndiyo sababu zefe yake, yale maandamano ya Maulidi, hutembea maskini na tajiri bega kwa bega. Mkiisikia yaja, ukutani hapana nafasi ya kusimama na kutazama. Ingieni muende nayo. Hapo hata simu zenu hatutaziona ubaya, maana aliye katika zefe ametoka mwenyewe nje kuonwa.

Mwaona tofauti? Aliyetoka na asiyetoka. Mengine yote ya adabu ya huku yanatoka hapo.

Na msiogope kwamba tutawachukia. Huu ni mji wa wageni tangu enzi za majahazi. Mkipita mbele ya baraza, salimuni: sabalkheri asubuhi, masalkheri jioni, mkono kwa mzee. Asiyesalimu huku hata akiwa na pesa huonekana kama mtu aliyepotea njia. Mkisalimu mtaulizwa mwatoka wapi, mwana wa nani, mmekula nini. Msikasirike, huko ndiko kukaribishwa. Mtapewa kahawa tungu na kipande cha halwa, na wazee wa bao watawafunga mchana kutwa. Wasichana mkiketi vizuri na mama mmoja, atawaita ndani kupakwa hina, na huko kiwandani mtaona vitu ambavyo dudu la angani haliwezi kuviona hata likikaa mwaka. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyinyi mwaondoka ya tatu. Jembe lenu liko salama ukutani.

Kofia niliyokuwa nikiishona asubuhi ile nimeimaliza. Ina sehemu moja, karibu na ukingo, mishono imekwenda upande. Ningeweza kuifumua. Nimeiacha.

Dada yangu bado haketi kiwandani. Anaanika nywele ndani, dirisha limefungwa, kwa pangaboi, na asubuhi nzima analalamika kwamba haziachi harufu ya unyevu. Hajui kuwa nawaandikia. Kwa hiyo wewe mwanangu mwenye ile picha, sikutaji na sikutafuti. Najua pahali pa kufuta ni papo hapo ulipobonyeza kuiweka, mjukuu wangu amenionyesha. Bonyeza. Kisha Maulidi yajayo njoo Mkomani, ukae dakani kwangu, upige hodi. Mimi mwenyewe nitakufungulia.