Karakana za vyuo vya wananchi zisifungwe wakati wa likizo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa miaka mingi nililitazama nikiwa ndani ya uzio, na sasa, baada ya kustaafu, ninalitazama nikiwa nje: namna Vyuo vyetu vya Maendeleo ya Wananchi vinavyolala usingizi mzito mara tu likizo inapoingia.

Desemba iliyopita jirani yangu mmoja, mama mwenye watoto watatu wa shule ya msingi, aliniomba nimsindikize kwenye chuo kilicho karibu nasi tukatafute wanachuo wa kumshonea sare, kwa kuwa mafundi wa sokoni walikuwa wamezidiwa na kazi hata wakawa hawapokei tena vitambaa vya watu. Getini tulimkuta mlinzi peke yake, akatueleza kwa upole kwamba wanachuo wamekwenda makwao, wakufunzi wako likizo na ufunguo wa karakana umehifadhiwa ofisini mpaka Januari. Kupitia dirishani tuliziona cherehani zimepangwa safu mbili, zimefunikwa vizuri, hakuna aliyezigusa. Mama yule aliniuliza kama wanachuo hao hawashoni mwezi ambao wilaya nzima inatafuta mshonaji, basi wanajifunza kushona kwa ajili ya mwezi gani. Sikuwa na jibu, nami nimefundisha ufundi karibu umri wangu wote wa kazi.

Wasomaji vijana huenda hawafahamu kwamba vyuo hivi, ambavyo leo vya serikali ni 54, vilianza mwaka 1975 baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya aina hiyo nchini Sweden, ambayo ilitusaidia kuvianzisha. Huko Sweden vyuo hivyo vilianzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya vijana wa wakulima, na kwa sababu hiyo masomo yalipangwa majira ya baridi, shamba likiwa limefunikwa theluji na mkulima hana la kufanya. Hata leo wanachuo wao wa kawaida wakienda likizo ya kiangazi, vyuo vingi hupokea watu wengine kwa kozi fupi. Maana yake ni kwamba kalenda ya chuo ilifuata maisha ya watu ambao chuo kilijengwa kwa ajili yao. Sisi tulichukua majengo, mabweni na jina, lakini kalenda tumeiazima kutoka shule za kawaida, na tangu vyuo vianze kufundisha mitaala ya VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, kalenda hiyo imekazwa zaidi na ratiba ya mitihani.

Sidai kwamba mitihani haina maana. Ninachosema ni kwamba likizo ya Desemba inaangukia katika wiki zenye kazi nyingi kuliko zote kwa mshonaji na kwa seremala wa wilayani. Shule hufunguliwa Januari. Wazazi wanatafuta sare, na walimu wakuu wanatafuta mtu wa kutengeneza madawati yaliyovunjika mwaka mzima. Mwanachuo wa useremala akitengeneza madawati 20 yatakayokaliwa na watoto wa kweli, kwa tarehe ambayo haisogei, atajifunza kukadiria mbao, kupanga muda na kuzungumza na mteja, mambo ambayo mimi nilijaribu kuyafundisha ubaoni na sikufanikiwa sana. Badala yake mbao zetu zilikuwa zikibaki stoo, tukirudi Januari tunakuta mchwa wameshaanza kozi yao.

Wanaoumia zaidi ni mabinti waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito, ambao vyuo hivi vimewapokea kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, na ambao wakiwa darasani watoto wao hutunzwa palepale chuoni. Likizo ikiingia, binti huyo anarudi nyumbani ambako hakuna cherehani wala mtu wa kumshikia mtoto, na mkono uliokuwa umeanza kuzoea kukata kola unapoa. Vijana wa kiume wengi hupata kibarua kwa mafundi au hupewa pikipiki wakaendesha bodaboda, lakini yeye hubaki akichota maji na kusubiri tarehe ya kufungua.

Likizo ya katikati ya mwaka ina habari yake. Katika Kanda ya Kati mvua za msimu huisha Aprili, na ifikapo mwishoni mwa Juni mtama na alizeti kwa sehemu kubwa vimekwisha kuvunwa. Huo ndio wakati mkulima ana nafasi na pengine ana fedha kidogo mkononi. Ndio wakati wa kuchoma matofali na kupandisha nyumba. Kozi ya wiki mbili ya uashi au ya kufunga umeme wa jua ingejaa watu, na mabweni ambayo yangekuwa matupu yangewalaza wanaotoka vijiji vya mbali. Lakini wiki hizo hizo ndizo tunazofunga geti.

Najua wakufunzi watakaosoma barua hii watanuna, nami nisingependa wanielewe vibaya. Likizo ya mwaka ya siku 28 ni haki ya mtumishi, na aliyefundisha muhula mzima anastahili kwenda kuwaona wazazi wake. Ninachopendekeza ni zamu, kama ambavyo tayari hufanyika kwa mifugo ya chuo, maana ng'ombe wa maziwa hajawahi kupewa likizo na kila Desemba yupo mtu anayebaki kumkamua bila ya nchi kutikisika. Mkufunzi mmoja wa ushonaji na mmoja wa useremala wakibaki kwa zamu, wakapumzika wakati mwingine wa mwaka, wakasaidiwa na wahitimu wa zamani ambao wengi wanaishi jirani na chuo, karakana mbili zinaweza kufanya kazi. Wanachuo watakaobaki wabaki kwa hiari, na wapewe sehemu ya malipo ya kazi waliyofanya. Kijana hawezi kuacha kibarua cha mtaani ili akafanye kazi ya bure.

Hoja ya fedha ndiyo ngumu kuliko zote. Malipo ya mteja yanapaswa kuingia serikalini kwa namba ya kumbukumbu, na hiyo ni sawa kwa ajili ya uwazi, lakini fedha zikishaingia huko, mkuu wa chuo hupata taabu kuzitoa kwa wakati anunue uzi, misumari na umeme wa LUKU kwa ajili ya oda inayofuata. Hapo mkuu wa chuo peke yake hana uwezo. Wizara ya Elimu ndiyo inayoweza kuruhusu chuo kibaki na fungu dogo la uzalishaji linalokaguliwa kila likizo inapokwisha, na ningeshauri jambo hilo lijaribiwe katika vyuo vichache kabla ya kutolewa waraka kwa vyuo vyote.

Kwa Desemba hii, wakati wizara ikitafakari, naomba bodi za vyuo ziangalie uwezekano wa kuacha wazi walau karakana ya ushonaji kuanzia wiki ya kwanza ya likizo hadi shule zifunguliwe. Kwa upande wa useremala, mimi niko tayari kushika zamu bila posho katika chuo kilicho jirani nami, mradi mtu anionyeshe mwenye ufunguo.

Mkufunzi mstaafu wa useremala,
Kanda ya Kati