Kabla Hujaziba Paipu za Vakyumu za Pikapu Yako

Mzee mmoja alituletea gereji, hapa Nakuru, Hilux ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ambayo huipandisha Molo kila Jumanne na Ijumaa, imejaa mbolea na chakula cha ng'ombe. Malalamiko yake yalikuwa mafupi: "Kijana wangu, hii gari siku hizi inakunywa petroli kama maji, na mlima haitaki kabisa." Alikuwa amekwisha kubadilisha plagi, waya za plagi na pampu ya petroli, na kabureta ya pili ilikuwa kwenye gunia nyuma ya kiti, akingoja tumfungie.

Tulifungua boneti tukahesabu paipu saba zilizozibwa. Nne zilikuwa zimetiwa skrubu, mbili vifuniko vya kalamu, na moja ilikunjwa tu ikafungwa kwa waya. Ile ya nne tuliyoizibua ndiyo iliyotakiwa kutoka kwenye kabureta kwenda kwenye distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Tulipima dayaframu ya distribyuta, yaani utando unaosogezwa na mvuto wa hewa, kwa pampu ya mkono: nzima, inashika mvuto bila kuachia. Kumbe kifaa hakikuwa na ubaya wowote, kilinyimwa tu hewa yake. Tukarudisha paipu ya shilingi chache, tukapanga taimingi (wakati wa cheche kuwaka) upya, na kabureta aliyoinunua ikarudi kwenye gunia. Alhamisi tulimpigia kumjulia hali. "Pale Elburgon nilikuwa natia gia ya pili," akasema, "sasa napanda na ya tatu."

Ninaandika haya kwa sababu magari ya namna hii hutufikia karibu kila wiki, na karibu kila mara mwenyewe ameambiwa, "Hizo paipu ni za mambo ya mazingira tu, ziba zote." Baadhi ni za mazingira kweli. Nyingine ni za breki zako.

Injini ya petroli huvuta hewa. Ukiondoa mguu kwenye pedeli, kisahani kilicho ndani ya kabureta hufunga karibu njia yote, lakini pistoni zinaendelea kuvuta. Hapo ndani ya manifoldi, mabomba yanayopeleka hewa kwenye injini, panabaki mvuto mkali, na mvuto huo ndio vakyumu. Watengenezaji waliutumia kama mkono wa ziada usiohitaji umeme. Tangu miaka ya 1960, sheria za moshi zilipoanza California, na hasa katika miaka ya 1970, kila tatizo la moshi lilitafutiwa vali yake na paipu yake. Kufikia miaka ya 1980 pikapu ya kabureta ilikuwa na msitu mzima chini ya boneti. Zile vali na dayaframu ndizo zilizofanya kazi ambayo leo inafanywa na kompyuta ya gari: injini ikiwa baridi fanya hivi, ikipata moto fanya vile, ikipanda mlima ongeza taimingi au punguza.

Kwetu huku mambo yana uzito zaidi kwa sababu ya mwinuko. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Geji ya vakyumu husomwa kwa inchi za zebaki. Vitabu vingi vitakuambia injini nzima ikinguruma polepole husoma 17 hadi 21, lakini hiyo ni pwani. Kipimo hushuka kama inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo Nakuru injini nzima husoma 11 hadi 15, na Kisumu, iliyo kama mita 1,130, husoma 13 hadi 17. Nimeona mteja akiambiwa injini imekwisha, inataka ovaholi, kwa sababu geji ilisoma 14. Kumi na nne Nakuru ni afya njema kabisa! La kutazama zaidi ni mshale wenyewe: ukitulia, injini inapumua vizuri, ukirukaruka kwa mpigo uleule, kuna vali ya injini isiyofunga, ukikaa chini sana na kutulia, tafuta paipu inayovuja au taimingi iliyochelewa.

Jambo la pili la mwinuko ni kwamba mvuto tulio nao ni mdogo tangu mwanzo. Gari la Mombasa lenye paipu iliyopasuka kidogo linaweza kuvumilia. La kwetu halina cha kupoteza.

Ndiyo maana busta ya breki ndiyo ya kwanza tunayoipima, hata kama mteja amekuja kwa sababu ya petroli. Ile paipu nene inayotoka kwenye manifoldi kwenda nyuma ya pampu ya breki ndiyo inayokusaidia kukanyaga. Unaweza kuipima mwenyewe nyumbani. Zima injini, kanyaga pedeli mara tano au sita mpaka iwe ngumu, iache chini ya mguu, kisha washa. Pedeli ikizama kidogo, busta inafanya kazi. Isipozama, usiteremke na mzigo kutoka Mau Summit kuja Salgaa kabla hujatuona au kumwona fundi mwingine unayemwamini. Ndani ya paipu hiyo kuna kivali kidogo cha njia moja. Ukikitoa na kukipuliza kwa mdomo, hewa ipite upande mmoja tu. Kikipitisha pande zote mbili, breki zako hazina akiba injini inapozimika mteremkoni.

Kwenye distribyuta kosa la kawaida ni la aina nyingine. Kwa magari mengi ya kabureta, fundi akipanga taimingi huchomoa paipu ya vakyumu na kuiziba kwa muda, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Shida ni pale anaposahau kuirudisha, au anapoirudisha kwenye mdomo usio wake. Mdomo ulio juu ya kisahani cha kabureta huwa hauna mvuto mpaka ukanyage mafuta. Ulio chini yake una mvuto wakati wote. Ukizibadilisha, injini itanguruma kwa kasi isiyoeleweka, fundi atageuza skrubu za kabureta kuituliza, na kuanzia hapo kila marekebisho yanaficha kosa la kwanza. Nina hakika nusu ya kabureta zinazoitwa mbovu Nakuru ni nzima.

Vali ya PCV inastahili heshima kuliko inayopata. Ni kikopo kidogo kinachokaa juu ya injini na kurudisha gesi zinazopenya kupitia ringi za pistoni ili zichomwe tena. Ikiziba kwa masizi, gesi hizo hukosa pa kutokea. Husukuma oili kupitia sili ya nyuma, huinua kijiti cha kupimia oili, hulowesha filta ya hewa. Kisha mwenye gari anaambiwa ringi zimekwisha. Itoe, itikise karibu na sikio. Ikilia kama kijiwe ndani ya kibuyu, kuna matumaini. Ikinyamaza, ibadilishe kabla hujabadilisha chochote kingine. Mama mmoja wa Njoro anayepeleka maziwa alikuwa ameshaweka akiba ya ovaholi. Tulimbadilishia vali hiyo pamoja na mpira wake, tukasafisha injini, na wiki mbili baadaye tukaipanguza sehemu ya sili kwa kitambaa cheupe. Kilitoka kikavu.

Vali ya EGR ndiyo inayochukiwa zaidi. Kazi yake ni kurudisha sehemu ndogo ya moshi ndani ya injini ili moto usiwe mkali kupita kiasi, kwa sababu moto mkali mno ndio unaotengeneza oksidi za naitrojeni, gesi inayochoma mapafu. Ikikwama wazi, gari linatetemeka na kuzimika kwenye taa. Ikikwama imefungwa, au ikizibwa, injini iliyopangiwa kufanya kazi nayo inaweza kuanza kugonga mlimani, kama mtu anatikisa misumari ndani ya mkebe wa Kimbo. Tunaipima hivi: injini ikiwa moto na inanguruma polepole, tunavuta dayaframu kwa pampu ya mkono. Injini ikiyumba au kuzima, njia iko wazi. Isipobadilika na dayaframu inashika, basi masizi yamejaa ndani, na dawa yake ni kukwangua kwa subira. Mara nyingi hakuna hata kipuri cha kununua.

Halafu kuna lile kopo jeusi la makaa, kwa kawaida pembeni mwa chumba cha injini. Linanasa mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi na kuupeleka injini iuchome. Paipu zake zikizibwa, tangi linakosa pumzi, petroli inakatika safarini, na mtu anatoboa kifuniko cha tangi ili lipumue. Vumbi letu la Nakuru na maji ya mvua hupitia tundu hilohilo. Ukisikia harufu ya petroli ndani ya kebini asubuhi, anza na kopo hili.

Je, kuna paipu tunazoziziba? Zipo. Magari kadhaa ya zamani yana vali ya kuingiza hewa kwenye ekzosi ili kusaidia kichujio cha moshi. Kenya iliachana na petroli yenye risasi mwishoni mwa 2005, na kabla ya hapo risasi iliua vichujio vingi, vikatolewa. Kama kichujio hakipo na vali imeoza, tunafunga sehemu hiyo kwa bamba la chuma na gasketi, na midomo kwa vifuniko vya mpira vya kazi hiyo, kisha tunaandika kwenye risiti ni nini kimefungwa na kwa nini. Fundi atakayefungua boneti baada yetu ana haki ya kujua. Lakini vali inayoweza kupona hatuizibi kwa mazoea. Watoto wanaotembea kando ya barabara kwenda shule wana pua zilizo karibu na kimo cha ekzosi, na hilo silisahau ninapokuwa na skrubu mkononi.

Paipu zenyewe zichague kwa makini. Ile ya plastiki angavu hulainika kwa joto na kujikunja ndani ikivutwa; ukiitazama injini ikiwa baridi utaiona nzima. Ya silikoni ni nzuri kwa vakyumu kavu, lakini usiiweke kwenye kopo la makaa wala PCV, kwa kuwa mvuke wa petroli na oili huiharibu. Tena, tafadhali, usikubali mtu akumwagie petroli kwenye manifoldi kutafuta uvujaji. Sisi tunanyunyiza maji kidogo tu kwa chupa, sehemu moja baada ya nyingine, mbali na distribyuta na waya za plagi, tukisikiliza mlio ubadilike. Maji hayachomi gari la mtu.

Wenye dizeli za kabla ya kompyuta: kwenu mvuto wa busta hautoki kwenye manifoldi. Hutoka kwenye pampu ndogo, ambayo kwa Hilux na Isuzu nyingi imefungwa nyuma ya alternata. Ukibadilisha alternata, hakikisha mpya ina pampu hiyo na paipu zake za oili hazivuji.

Kazi yetu huanza kwa picha. Hakuna paipu inayochomolewa kabla ya kupigwa picha na kuvishwa utepe wenye namba, kwa kuwa stika ya mchoro chini ya boneti mara nyingi ilipotea gari lilipopakwa rangi. Tutaliomba gari lilale kwetu usiku mmoja, kwa maana kuna vali zinazofunguka kwa joto la maji ya injini, na tunahitaji kuziona zikiwa baridi kabisa na kisha zikiwa moto. Vilivyotolewa vyote utarudishiwa kwenye mfuko, hata zile skrubu.

Ukija, usioshe injini kwanza. Tunajua ni heshima kuleta gari safi, lakini alama ya oili na vumbi lililoganda pembeni mwa mpira ndivyo vinavyotuonyesha panapovuja, na maji ya presha huvifuta vyote.