Barua ya wazi kwa Gavana wa California: Mama huyu apeleke wapi malalamiko yake?

San Diego, Septemba 2024

Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la California,
Sacramento.

YAH: MTU YEYOTE KURUHUSIWA KUJIITA TRENA WA WANAMICHEZO

Mheshimiwa,

Natumaini u mzima na kazi za kuliongoza jimbo zinakwenda salama. Najua una moto wa misitu na una bajeti, kwa hiyo sitakupotezea muda kwa salamu ndefu. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Kwa Kiingereza nimeyasema haya kwenye vikao vya shule mpaka koo limekauka. Sasa nataka wayasome kwanza wazazi wenzangu wa hapa, Wakongo, Warundi, Wakenya na sisi wa Bongo, ambao watoto wao wako uwanjani jioni hii hii. Wewe huna shida, una wakalimani.

Mwanzoni mwa Agosti, wiki ya kwanza ya mazoezi, kijana wa miaka 16 alianguka katika shule moja ya sekondari ya huku bara, ambako upepo wa bahari haufiki. Mama yake ametoka Uvira, Kongo. Mtoto ni mkubwa wa umbo, na kocha alipomwona tu alimtoa kwenye soka akampeleka mpira wa Marekani, mstari wa mbele, avae kofia ngumu na mabega ya plastiki katika jua la saa tisa. Kabla ya kuanguka alianza kuongea ovyo. Wenzake wanasema alimwita kocha kwa jina la mjomba wake. Bwana mmoja aliyevaa fulana iliyoandikwa "trena" mgongoni akamkalisha kivulini, akampa maji ya chupa, akamwekea taulo bichi shingoni, akasubiri atulie. Akatulia kweli. Alizimia. Gari la wagonjwa likaitwa baada ya hapo, na hospitalini walipompima alikuwa na nyuzi 41 na ushei.

Mimi niliitwa usiku kwenda kumtafsiria mama. Kijana yu hai, Mungu ashukuriwe, ingawa figo zilitusumbua na bado anarudi kliniki. Daktari alipomaliza maelezo yake, mama akanigeukia akauliza jambo moja: "Kaka, yule mtu wa maji alisomea wapi?"

Nikaenda kuulizia. Alisomea mwishoni mwa wiki. Ana cheti cha kuwaongoza watu mazoezi ya jimu. Simtukani, ni mtu mpole na wachezaji wanampenda. Amepewa kazi isiyo yake, na sheria za jimbo lako hazikuona kasoro yoyote. Wala hajavunja sheria, Mheshimiwa, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kazi aliyokuwa anaiigiza ndiyo kazi yangu. Nisisitize kwa wasiojua: trena wa wanamichezo si kocha wa mazoezi. Ni mtu wa afya, aliyesomea mifupa, misuli, moyo, ubongo na joto, akafanya mtihani wa taifa. Siku hizi anayeanza masomo anatakiwa afike shahada ya uzamili. Ndiye anayekimbia na begi mchezaji anapodondoka. Januari 2, 2023, Damar Hamlin, mchezaji wa mpira wa Marekani, alipoanguka uwanjani Cincinnati moyo umesimama, trena wa timu yake alikuwa miongoni mwa walioanza kumkandamiza kifua papo hapo. Dunia nzima iliona. Hata Sacramento nadhani televisheni zilikuwepo.

Nilifanya kazi hii Texas. Texas ilianza kutoa leseni kwa matrena mwaka 1971, kabla ya jimbo jingine lolote, na huko trena anafanya kazi chini ya maelekezo ya daktari mwenye leseni ya jimbo. Usidhani ni maneno ya karatasi tu. Nilikuwa na faili. Ndani yake daktari aliandika na kutia saini: mtoto akigongwa kichwa fanya hivi, pumu ikimbana fanya hivi, hili usilifanye mpaka unipigie, hili lifanye kwanza ndipo unipigie. Ukurasa wa joto alinikaririsha kama Al-Fatiha. Pipa lijae maji na barafu kabla watoto hawajavaa viatu. Mtoto akichanganyikiwa kwenye joto, usibishane naye wala usimpe chupa. Pima joto la ndani kwa njia ya haja kubwa, kwa sababu kwapa na mdomo vinadanganya. Mtumbukize kwenye pipa, umpoze ndani ya nusu saa, na gari la wagonjwa limkute amekwisha poa. Poza kwanza, safirisha baadaye. Hakuna anayependa kumpima kijana wa watu namna hiyo mbele ya wenzake, na ndiyo maana lazima awepo aliyefundishwa na mwenye daktari nyuma yake.

Sasa njoo California. Majimbo mengine 49 yameweka utaratibu wa kisheria kwa kazi hii, na Washington mji mkuu pia. Sisi, jimbo linalojisifu kutangulia Marekani yote, hatuna leseni, hatuna usajili, hatuna hata sheria ya kulinda jina. Wako humu matrena wengi waliosoma na kufaulu mtihani wa taifa, na wanafanya kazi na madaktari kwa sababu maadili ya taaluma yanawataka. Lakini jimbo halimkagui yeyote, na mtu asiye na lolote anaweza kuchapisha fulana kesho asubuhi. Anayetaka kupaka wateja rangi za kucha hapa California anatakiwa asome saa 400, afanye mtihani na apate leseni. Kucha za watu mmezilinda vizuri sana, hongereni.

Wala usiniambie jambo hili ni jipya kwenu. Miswada imefika kwenye meza hiyo unayokalia. Arnold Schwarzenegger, mtu aliyejenga jina lake kwa misuli, alipokuwa gavana alikataa kusaini. Jerry Brown, gavana aliyemfuata, aliurudisha muswada bila saini mwaka 2014, ukaletwa tena 2015 akaurudisha tena, hoja ikiwa kwamba ni mzigo usio na ushahidi wa kutosha kuwa unahitajika. Mzigo kwa nani? Nimekaa na yule mama wodini, nimeona mzigo uko kwa nani.

Kwa nini imekuwa hivi, siwezi kuapa. Nasikia chama cha wafiziotherapia kimekuwa kikipinga, wakiogopa kunyang'anywa wagonjwa. Wengine husema shule hazina pesa, kwa hiyo leseni ikija zitalazimika kulipa mtu wa kweli. Mimi nadhani yote mawili yana ukweli, na juu yake kuna la tatu: watoto wanaoanguka mazoezini Jumanne mchana hawaonekani kwenye televisheni. Ijumaa usiku, siku ya mechi, daktari anakuja, anakaa pembeni, anapigwa picha. Jumanne hayupo.

Na tazama sheria zenu wenyewe zinavyogongana. Sheria ya California inasema mchezaji wa shule akishukiwa kupata mtikisiko wa ubongo atolewe, na asirudi mpaka apate kibali cha maandishi cha mtaalamu wa afya mwenye leseni. Sheria nzuri kabisa. Lakini trena aliyekuwa palepale akamwona mtoto akigongwa, anayemjua tangu kidato cha kwanza, hana leseni hiyo kwa sababu nyinyi hamuitoi! Kuna pia sheria ya shirikisho ya mwaka 2018 inayomlinda mtaalamu wa tiba ya michezo anaposafiri na timu kwenda jimbo jingine, mradi awe na leseni ya jimbo lake. Wetu wataitoa wapi?

Halafu kuna hii ya mwaka 2023, Mheshimiwa, nayo ni saini yako mwenyewe. Ulipitisha sheria inayotaka shule ziwe na mpango wa dharura ya joto, na miongozo iwe tayari kufikia Julai 1, 2024. Tulishangilia. Mimi mwenyewe niliwaambia kina mama kanisani na msikitini kwamba safari hii Gavana ametusikia. Basi nikupe ripoti: kipimajoto cha uwanjani kilikuwepo siku ile. Kipya, kimefungwa kwenye uzio. Bwana mwenye fulana alikisoma na kuandika namba kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, na mtoto akaanguka hatua chache kutoka hapo. Mpango ulikuwepo, umechapishwa. Wa kuutekeleza ndiye hakuwepo, na sheria yako haikusema awe nani.

Kuhusu mimi sitaki kusema mengi, ila nimekwisha anza. Nilihamia hapa kwa ajili ya kazi ya mke wangu. Shule moja niliyoomba kazi ilinisifu sana, kisha ikaniambia wamepata mtu wa bei nafuu zaidi, na kisheria hakuna tofauti kati yetu. Hakuna tofauti! Nilimfuata daktari mmoja ninayemheshimu, nikamwomba aniandikie maagizo kama ya Texas ili nijitolee bure kwenye timu ya watoto wetu. Aliniuliza, "Nikusimamie kwa sheria ipi?" Sikuwa na jibu. Hawezi kunikasimia kazi ambayo jimbo halijaitambua, na ana bima yake ya kulinda, simlaumu. Sasa nafanya zamu za usiku ghalani, na wikendi nafunga vifundo vya miguu kwenye mashindano, nikilipwa chakula. Leseni ya Texas iko kwenye droo pamoja na risiti za umeme. Mama yangu Tanga akipiga simu bado anawaambia majirani mwanawe ni daktari wa timu, na mimi nimechoka kumsahihisha.

Utaniambia leseni si hirizi, na nakubali. Jordan McNair, kijana wa miaka 19 wa Chuo Kikuu cha Maryland, alifariki Juni 2018 kwa kiharusi cha joto, na Maryland matrena wana leseni. Chuo kilikiri kwamba hakupimwa joto wala hakutumbukizwa kwenye maji baridi kama ilivyotakiwa. Lakini huko leseni hizo hutolewa na Bodi ya Madaktari ya jimbo. Mzazi ana mahali pa kuandika, kuna rekodi ya kufunguliwa, kuna mtu wa kuitwa ajieleze, na kuna karatasi ya kunyang'anywa mtu ili asiende kurudia kwenye shule ya jirani. Yule wa kwetu nasikia ameshaanza shule ya jirani.

Nilikusudia kukuomba mengi. Leseni. Daktari anayewajibika kwa jina kwa kila trena wa shule, siyo wa Ijumaa tu. Faili la maagizo yaliyosainiwa, pipa la barafu kila uwanja kuanzia Agosti. Kama hayo yote ni mzigo, basi linda jina tu, asiyesomea asijiite. Kama hata jina ni mzigo, nakuomba hili la mwisho, kwa sababu nimeulizwa na sina cha kujibu.

Mama ameandika malalamiko yake. Nimemsaidia kuyatafsiri, kurasa tatu, hana matusi hata kidogo. Bodi ya Madaktari ya California inashughulikia madaktari. Ya wauguzi, wauguzi. Ya vinyozi na warembaji, vinyozi na warembaji. Bwana mwenye fulana hayumo popote. Nitajie ofisi moja katika jimbo hili ambayo kazi yake ni kuyapokea. Moja tu, hata iwe Sacramento, nitampeleka kwa gari yangu mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa jimbo,

Trena Mtanzania,
Kaunti ya San Diego