Zege letu linakufa kwa kiu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Nyakato. Aliandika kwamba kumwaga zege kwenye njia ya kuingilia gari hapa Mwanza ni kutupa hela, kwamba mvua zetu na vilima vyetu havipatani nalo, na kwamba mwenye akili aweke vitofali vya pevingi au abaki na moramu yake, yaani udongo wa changarawe. Barua ile niliisoma nikiwa Mwaloni, sokoni kwetu, nimekalia gunia, nikacheka peke yangu. Kuna wakati ningeiandika mimi, tena kwa hasira kuliko yeye.

Mimi si fundi. Nauza dagaa pale Kirumba, mwaka wa 19 huu, na nyumba yangu iko Kitangiri, kwenye mteremko ambao wageni hufika kwangu wameshika kiuno. Kutoka getini hadi barazani ni mita 14, upana mita 3. Hapo ndipo kirikuu yangu, gari dogo la mizigo, inapopandia na magunia, na hapo ndipo nilipomwaga zege mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa Septemba 2021. Nilimchukua kijana aliyekuwa anajenga kwa jirani. Akapima kwa hatua za miguu, akasema mifuko 16 inatosha na chenji itabaki. Siku ya kazi alianza saa nne asubuhi, akamwaga hadi saa tisa, jua la utosini, upepo wa ziwa unavuma. Zege likiwa zito kwenye chepe anaelekeza bomba la maji, linakuwa uji, linateremka lenyewe kama limeitwa getini. Vibarua wanafurahi, nami nafurahi, naona kazi inakwenda mbio. Jioni akalipiga niru, ile saruji laini ya kung'arishia sakafu. Mhariri, liling'aa! Majirani walikuja kutazama, nikawakataza watoto wasipite na viatu. Kesho yake asubuhi akaja kuchukua hela iliyobaki. Nikampa, na soda juu.

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha usiku, na radi zake, kama zilivyo mvua nyingi zinazotoka ziwani. Alfajiri dereva wangu anapanda na magunia manane. Kufika katikati matairi yakaanza kuzunguka palepale, kisha gari likarudi kinyumenyume, polepole kabisa, yeye kakanyaga breki mpaka mwisho, hadi geti likalia paa. Magunia mawili yalipasuka. Paka na kuku wa mtaa mzima walipata kifungua kinywa kwa hela yangu. Niru ni ya sebuleni, jamani. Nani alituambia gari litembee kwenye sebule iliyoinama?

Hilo la utelezi lilikuwa dogo. Nyufa zilianza kama unywele, kufika masika sarafu ya mia mbili ilikuwa inazama wima. Kila nikifagia natoa unga wa kijivu, nafagia leo, kesho upo. Halafu siku moja lori la mchanga la jirani likageuzia pembeni mwa geti, kona ikavunjika, na chini yake palikuwa na shimo ambalo kuku angeweza kutagia. Nikasema kama anavyosema ndugu yangu wa Nyakato leo: zege si la Mwanza.

Aliyenitoa kwenye ujinga huo ni mzee mmoja wa Magu, mstaafu, aliyetumia ujana wake kwenye makalvati na madaraja. Alikuja mvua inanyesha, na mwavuli, kwa makusudi. Nilitegemea aanze na saruji. Akachuchumaa getini muda mrefu, akaniuliza, "Mayu (ndiyo mama kwa Kisukuma), maji ya mlima huu huwa yanapita wapi?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Tunaishi juu ya mawe, na mawe hayanywi maji. Mvua ya nusu saa inayopiga miamba ya juu yangu yote inashuka, na yote ilikuwa inapita ubavuni mwa zege langu, ikiungana na maji ya paa langu mwenyewe yanayodondokea palepale ukingoni. Yalikuwa yanachimba chini kidogo kidogo, usiku baada ya usiku. "Zege lako limelala juu ya hewa," mzee akasema.

Kwa hiyo kabla hatujanunua hata mfuko mmoja alinichimbisha mtaro upande wa juu, tukaujengea kwa mawe, ukayachukua maji hadi mtaro wa barabara. Nilipita kwanza kwa jirani wa chini nikaongea naye, maana huku vilimani maji unayoyafukuza kwako ndiyo yanayobisha hodi kwa mwenzako.

Kazi yenyewe tuliifanya Julai 2022, kiangazi, siku za mbalamwezi. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na mimi nakuwa na nafasi. Zege la zamani tulilivunja kwa nyundo kubwa. Ule wavu wa nondo niliouuziwa kwa bei ya kuuma tuliukuta chini kabisa, umelala kwenye udongo, umeliwa na kutu, kama shuka iliyotandikwa chini ya godoro. Vipande vyote vya zege havikutupwa, vikawa kifusi cha chini. Juu yake moramu, inamwagiwa maji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, tabaka kwa tabaka, mpaka kisigino hakiachi alama. (Kwangu udongo ni mwekundu wenye changarawe. Walio kwenye ule mweusi wa mbuga wasijidanganye kuumwagia juu. Masika unavimba, kiangazi unapasuka, na zege unalibeba hivyohivyo. Huo unachimbwa na kutolewa.)

Sasa hesabu. Mita 14 kwa 3 kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 4.2. Kwa mchanganyo wa moja-mbili-nne, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, ambao ndio wa chini kabisa kwa gari, hiyo inataka mifuko kama 27 ya kilo 50. Yule kijana alitumia 16. Mzee yeye alichanganya mfuko mmoja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu, akaongeza unene kuwa sentimita 15 kwenye mita tatu za getini ambako malori ya majirani hugeuzia, tukamaliza mifuko 38. Nilinung'unika sana. Naomba msamaha kwake hapa gazetini.

Mchanga aliupima kwa boksi la mbao, toroli alilikataa, akisema toroli la asubuhi na la mchana havijai sawa. Kabla ya hapo aliuweka kidogo kwenye chupa ya maji, akatikisa, akaiacha barazani hadi kesho yake. Wa lori la kwanza ulituachia tope juu ya mchanga, unene wa kidole. Lori likarudishwa, dereva akatukana. Kokoto tulinunua kwa akina mama wanaoponda mawe mlimani. Walitupa safi, na chenga chache kuliko nilivyozoea kuona.

Bomba la maji akalifunga mwenyewe na kuweka ufunguo wa chumba cha pampu mfukoni. Mfuko mmoja ulipata ndoo ya lita 20 na kidogo, isizidi lita 25 hata vibarua walie, na mchanga ukiwa na unyevu inapungua. Maji yanayozidi hapo, alisema, baadaye yanatoka na kuacha matundu, na yakipanda yanabeba chembe laini za saruji hadi juu. Ndio ule unga niliokuwa nafagia.

Tuligawa kazi asubuhi mbili. Saa kumi na mbili mikisa, mashine ya kuchanganyia zege, inazunguka, saa nne watu wamenawa. Nailoni kubwa ilikuwa imekunjwa pembeni kwa ajili ya mvua ya ghafla, ingawa haikuja. Wavu safari hii ulipandishwa juu ya vipande vidogo vya zege, ukakaa katikati. Kila baada ya mita mbili na nusu alikata mstari, kina chake robo ya unene. Nilimuuliza kwa nini analikatakata zege zima. Akaniuliza mimi dagaa wakianikwa wanakuwaje. Wanasinyaa. Basi na zege husinyaa kidogo likizeeka, na lisipoachiwa mahali pa kuachana, litajichagulia lenyewe. Kumalizia, badala ya niru, akachukua ufagio wa chelewa akauburuta kukatiza mteremko. Lina mistari kama sare ya shule. Majirani hawakuja kutazama.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Zege si tope. Tope linakauka, zege linakunywa. Saruji inahitaji maji ili igeuke jiwe, na inaendelea kuyahitaji siku nyingi baada ya mafundi kuondoka. Ukiliacha kwenye jua letu na upepo wa mchana, uso unanyang'anywa maji kabla haujashiba, na hapo ndipo zinapozaliwa zile nyufa za unywele. Kijana wangu alilaumu mvua, mimi nililaumu mvua, na msomaji wa Nyakato anailaumu mvua. La kwangu lilikuwa limekwisha kufa mwezi mzima kabla ya mvua kunyesha. Lilikufa kwa kiu, mita mia chache kutoka ziwa Victoria!

Mzee alitaka siku saba za unyevu bila kukosa hata mchana mmoja. Nikatoa magunia yangu ya dagaa, matupu wakati ule wa mbalamwezi, tukayatandaza juu ya zege lote, tukabana kwa mawe, tukamwagilia asubuhi, adhuhuri na jioni. Jirani yangu alipita akaniuliza, "Mama, unamwagilia zege au mchicha?" Kufika siku ya tatu ile harufu ilikuwa imeamka. Nzi walikuja. Korongo wakubwa wale wa Mwaloni walipanda hadi Kitangiri, wawili, wakasimama juu ya ukuta wangu kama wazee wa baraza wanasubiri kesi. Paka mmoja alikwishapita asubuhi ya kwanza kabla halijashika, na nyayo zake nne ziko kwenye kipande cha tatu hadi leo. Niliomba radhi nyumba kwa nyumba. Nisingeshauri mtu mwingine atumie ya dagaa. Ya mchele au turubai inatosha.

Kirikuu ililala kwa jirani wiki mbili. Dereva alibeba magunia mgongoni kutoka barabarani na kunisema.

Ninachosema, Mhariri, ni kwamba siku saba zile hazina mwenyewe. Fundi kalipwa jana, yuko mtaa mwingine. Mwenye nyumba anaona jamvi limetandikwa, anahesabu kazi imekwisha, na bili ya maji inamtisha kuliko bei ya saruji aliyokwisha kuilipa. Mimi mara ya pili nilimzuilia mzee robo ya hela hadi siku ya nane, kwa makubaliano yetu tangu mwanzo, na mjukuu wake akawa anakuja kumwagilia. Wenzangu, mkiandikishana na fundi, andikeni na maji hayo: nani anamwagilia, mara ngapi, kwa siku ngapi. Nimeona mikataba yenye rangi ya geti imetajwa, na hilo halimo.

Mwanangu aliye Dar es Salaam alinitumia video za Wamarekani wanaoeleza jinsi ya kutia viputo vya hewa kwenye zege na kukwepa chumvi ya barabarani. Nilihangaika nazo usiku kucha. Kumbe wenzetu wanapambana na maji yanayoganda ndani ya zege na kulipasua wakati wa baridi, na chumvi wanayomwaga kuyeyusha barafu. Sisi hapa tuko karibu na mstari wa ikweta, na ziwa letu halina chumvi. Hayo tuwaachie wenyewe.

Kuhusu pevingi simpingi ndugu yangu moja kwa moja. Ni nzuri, maji yanapenya kati yake, na bomba likipasuka chini unazing'oa na kuzirudisha. Lakini kwenye mteremko kama wangu, zisipobanwa kingo kwa zege, zinatambaa. Kuna nyumba ya pili kutoka kwangu zimehamia nusu mita kuelekea getini. Halafu hizo kingo za zege nazo zinataka kumwagiliwa.

Tangu 2022 langu limekunywa masika na vuli zote zilizopita. Limepasuka, ndiyo, ndani ya mistari aliyoikata mzee.

Namwomba msomaji wa Nyakato, kabla hajalivunja lake, achukue nyundo ndogo aligongegonge kuanzia kingoni. Likilia kavu kama jiwe, huenda ni kumwagiliwa tu lilikokosa, na mafundi wazuri watamjazia nyufa. Likilia kama debe, afukue pembeni kwa jembe atazame maji yanapopita. Na kama ataamua kumwaga upya, mwezi ukikaribia kujaa magunia yangu yatakuwa wazi. Aje nayo maji tu.

Muuza dagaa,
Kitangiri, Mwanza