Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Senesio za Mlima Kilimanjaro

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu. Asante kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kutusikiliza.

Mheshimiwa, mwaka huu tumejifunza mimea ya jamii ya alizeti inayoota katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Ipo mingi, kuanzia vichaka vya msituni hadi helikrisumu, ambazo maua yake makavu hayanyauki, huko juu kabisa penye mawe matupu. Lakini uliotugusa zaidi ni senesio kubwa, Dendrosenecio kilimanjari, ambayo haioti kwingine kokote duniani.

Huko inakoishi, juu ya msitu, jua la mchana ni kali na usiku maji huganda. Giza likiingia, majani yake ya kileleni hujikunja na kufunika chipukizi lililo katikati. Yakifa hayadondoki, hubaki yamelizunguka shina kama koti, na maji yaliyohifadhiwa ndani hayagandi. Mmea hukua taratibu mno. Kila tawi likishatoa maua ya manjano, machipukizi ya pembeni hushika nafasi, kwa hiyo anayehesabu panda za shina husoma mara ulizochanua. Sisi tunaona hakuna kiumbe wa kujivunia zaidi mkoani kwetu, na inatuuma kwamba wengi wetu tumeuona pichani tu.

Mheshimiwa, adui tunayemwogopa ni moto. Oktoba 2020 uliteketeza zaidi ya kilomita za mraba 90 za hifadhi, na Oktoba 2022 ukawaka tena. Majani yale makavu yakiungua, shina hubaki wazi kwa baridi, na mche mpya huchukua miaka mingi kufikia kimo cha mtu. Tena kuna kishona nguo, mgeni kutoka Amerika wa jamii hiyo hiyo, ambaye mbegu zake husafiri kwenye soksi na suruali za wapanda mlima.

Tunakuomba utusaidie usafiri na vibali ili wanachama wafike Horombo, kambi ya wapanda mlima iliyo kwenye mita 3,720, wazione senesio kwa macho yao. Pia tunaomba, kabla ya kiangazi, uzungumze na warina asali na wakulima wa vijiji vinavyopakana na hifadhi kuhusu moto. Wewe watakusikiliza kuliko sisi.

Tunaomba kuwasilisha.