Barua kwa shoga yangu anayefungua mgahawa

Shoga yangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, pamoja na pale shemeji anapopiga kelele nyuma kwamba nyama inaungua. Hongereni sana. Nyumba mmepata, kodi ya mwanzo mmelipa, sasa mnagombania rangi ya kuta. Hayo ya kuta yatakwisha yenyewe. Kilichonikalisha chini kuandika ni lile neno ulilolipitisha haraka, kana kwamba si kitu: yeye atapika, wewe utakuwa unasaidiasaidia huku mbele. Wewe, uliyesimamia ukumbi wa hoteli ya watalii na kujua mgeni yupi anataka chai kabla ya kuulizwa, unakwenda kusaidiasaidia? Ningelinyamazia, lakini nimeona filamu moja iliyonifungua mdomo.

Ni filamu ya hali halisi, inaitwa Menus-Plaisirs – Les Troisgros. Aliyeitengeneza ni Mmarekani, Frederick Wiseman, na ilipotoka mwaka 2023 mzee huyo alikuwa na miaka 93. Ina saa nne. Usishtuke, mimi nimeiangalia vipande vipande, watoto wakishalala. Hakuna msimulizi, hakuna mtu aliyekalishwa kitini kuhojiwa, hakuna muziki wa kukuamrisha sasa ulie, sasa ucheke. Kamera imekaa pembeni kama mkwe aliyekuja kwa mara ya kwanza, inaangalia tu. Nusu saa ya mwanzo utataka kuizima. Ivumilie.

Wenye nyumba ni mke na mume, Michel Troisgros na Marie-Pierre. Mgahawa wao unaitwa Le Bois sans Feuilles, uko kijiji cha Ouches, nje kidogo ya mji wa Roanne, Ufaransa. Una nyota tatu za Michelin, kile kitabu cha Kifaransa kinachopima migahawa, na huko hakuna daraja la juu zaidi ya hilo. Familia hiyo imezipata nyota tatu tangu 1968. Hebu fikiria, kuna vijana wamezaliwa, wamesoma, wamestaafu, na nyumba ile ile bado inalinda jina lile lile. Watoto wao wawili wa kiume, César na Léo, nao ni wapishi. Katika filamu César yuko jikoni na baba yake, Léo ana jiko lake katika mgahawa mwingine wa familia, La Colline du Colombier.

Mapema kabisa baba na wanawe wanakaa mezani kupanga menyu. Wanazungumzia asparagasi, ile mboga ya vijiti ambayo huku kwetu tunaiona kwenye hoteli za wazungu tu. Wanazungumza, wanazungumza, huyu anatia hiki, yule anakitoa, kalamu inaandika na kufuta. Mwanzoni niliona ni watu wasio na kazi. Baadaye nikaelewa kuwa hiyo ndiyo kazi. Moto unawashwa wakati mabishano yameshakwisha. Ninyi mmenunua jiko la gesi la bei mbaya, na menyu bado mnaibadilisha kwa WhatsApp usiku wa manane, kila mmoja akiwa chumba chake.

Jikoni kwenyewe kumetulia hadi unajiuliza kama sauti imekatika. Hakuna sufuria inayorushwa, hakuna anayetukanwa. Kuna kijana mmoja amekosea kuandaa ubongo, hakuutoa damu inavyotakiwa. Ungetegemea bosi alipuke. Michel anamrekebisha kwa sauti ya kawaida, na kitabu cha mapishi kinatafutwa ili kijana aone utaratibu ulivyoandikwa. Hapo mwoneshe shemeji. Nampenda shemeji yangu, lakini yule akikosa kitunguu mtaa mzima unajua.

Kuna na figo zilizopikwa na pasheni. Ndiyo, pasheni, hili hili la juisi. Baba anaonja, anatafakari, hajaridhika na viungo, mtoto anatetea sahani yake. Nilitabasamu, maana nilimkumbuka marehemu bibi yako na ukwaju wake kwenye mchuzi wa papa: alionja mara ngapi kabla ya kuuepua! Tofauti ni kwamba bibi hakuwa na mtu wa kubishana naye, na angepatikana wa kubishana angetolewa jikoni.

Kisha kamera inatoka. Inakwenda kwa mfuga ng'ombe anayeeleza namna anavyowahamisha mifugo ili nyasi zipumzike, kwa wafuga mbuzi, kwa mkulima wa zabibu, kwa watu wanaoivisha jibini kwenye maghala ya baridi na kuzigeuza na kuzikagua moja moja. Wapishi wanasikiliza wakulima kama wanafunzi. Sehemu hizi ni ndefu, na nyingine ningezifupisha mimi, lakini zinakuonesha bei ya sahani inaanzia wapi. Ninyi ng'ombe hamtafuga. Ila itabidi mmoja wenu afahamiane kwa jina na muuza samaki pale Feri, ajue nani analeta changu wa alfajiri na nani anamwagia maji wa jana.

Sasa nifike kwenye lako. Sehemu iliyonikamata kuliko zote haina chakula ndani yake. Ni kikao cha wahudumu kabla wageni hawajaingia. Wanapitia waliowekesha meza, mmoja baada ya mwingine: huyu ana mzio wa kitu fulani, yule hali kile, hawa walishawahi kuja. Wanayapanga hayo kwa utulivu ule ule wa jikoni. Mgeni anaingia, hajafungua mdomo, na nyumba imeshamjua. Shoga, hiyo ni kazi yako wewe. Ni ufundi, tena mgumu, kwa sababu mpishi akikosea sahani anaweza kuirudia, lakini mgeni mwenye mzio wa karanga ukimkosea humrudii.

Nikaenda kuisoma historia ya ile nyumba, unanijua nikianza kitu. Ilianza 1930. Jean-Baptiste Troisgros na mkewe Marie walinunua hoteli ndogo mbele ya stesheni ya treni ya Roanne. Unajua nani alikuwa anapika? Marie. Mume alikuwa mbele, kwenye mvinyo na wageni. Yaani nyumba hii ya wapishi wanaume wenye majina makubwa ilifunguliwa kwa mkono wa mama jikoni, sawa na mama ntilie yeyote wa kwetu, na baba ndiye aliyekuwa mtu wa ukumbini.

Wanawe, Jean na Pierre, ndio wakaifanya dunia nzima iijue Roanne. Kuna sahani yao ya miaka ya sitini, samoni kwa sosi ya majani machachu ambayo Wafaransa wanayaita oseille. Samaki anakatwa mwembamba, anaguswa na kikaangio sekunde chache tu, na sosi inatangulia kwenye sahani, samaki anakuja juu yake ili asilowe akalegea. Sahani hiyo ilipendwa hadi stesheni ya treni ikapakwa rangi ya samoni na kijani kwa heshima yake. Sisi tuna pweza wa nazi miaka yote na sijaona hata kibanda cha daladala kilichopakwa rangi ya pweza.

Lakini angalia kitu kilichotokea hapo, na hapa natoa maoni yangu, usiyachukue kama habari ya kitabuni. Jean na Pierre walikuwa miongoni mwa wapishi waliozoesha watu chakula kinachopangwa kwenye sahani moja kwa moja jikoni. Kabla ya hapo, katika migahawa mikubwa ya Ufaransa, mhudumu alikuwa fundi: anakata nyama mbele ya mgeni, anagawa, anamwagia mchuzi, mgeni anamtazama yeye. Sahani ilipoanza kutoka jikoni ikiwa imekamilika, macho yote yakahamia kwa mpishi. Mpishi akawa mfalme, akaandikwa magazetini. Mtu wa mbele akabaki mbebaji. Na tangu siku hizo ukisikia mgahawa wa mke na mume, mume akiwa jikoni, utasikia jina la mume tu, na mke "anamsaidia".

Marie-Pierre siye msaidizi. Yeye na Michel walikutana wakiwa wanafunzi kwenye shule ya hoteli huko Grenoble, wakatembea pamoja kujifunza kazi. Mwaka 1983 Jean alipofariki ghafla, walirudi Roanne kushika nyumba na Pierre, baba yake Michel. Mwaka 2017 wakachukua uamuzi ambao mimi nisingeuthubutu: kuondoka pale mbele ya stesheni, mahali pa familia tangu 1930, wakahamia shambani Ouches, kwenye jengo jipya ambalo ukumbi wake umeuzunguka mwaloni mkubwa. Hoteli, vyumba, namna mgeni anavyopokewa, hayo ni ya Marie-Pierre. Watu wanalala pale. Wanaamka pale. Chakula ni saa chache tu katika siku nzima ya mgeni, saa zilizobaki zote ziko mikononi mwa mama huyo.

Na hapa ndipo ninapomlaumu mzee Wiseman, pamoja na sifa zote nilizompa. Saa nne, na Marie-Pierre tunamwona kwa kupita, huku ukumbini, kule hotelini. Baba na wana wao wanaonja na kujadiliana mpaka unawajua tabia. Labda ni kwa sababu kazi yake haina kipande cha kupiga picha. Kisu kikikata kitunguu kamera inapata cha kutazama, lakini mtu anayekumbuka kuwa mgeni wa meza ya dirishani mwaka jana alikuja na mume na sasa amekuja peke yake, kwa hiyo asiulizwe, utampigaje picha?

Karibu na mwisho Michel anazunguka mezani, anawasimulia wageni habari za familia, wazazi, babu na bibi, na jinsi anavyomwachia César jiko. Unamwona anataka kuachia na mkono haujafunguka. Nilimhurumia. Pia nikajiuliza kimoyomoyo, na ya Marie-Pierre ataachiwa nani, na nani anayesimama mezani kuisimulia? Filamu haikunijibu.

Kwa hiyo nakuomba mambo machache, na kama mtu wa vitabu vya hesabu, siyo mtu wa filamu. Mkienda kusajili jina la biashara BRELA, majina yawe mawili. Usiniambie mambo ya mapenzi na kuaminiana, mapenzi nayajua na mahesabu ya mwisho wa mwaka nayajua. Pili, jiandikie mshahara, hata mdogo, hata kama kwa miezi ya mwanzo hautalipwa na utabaki deni kwenye daftari. Nimeona biashara za mke na mume ambazo kazi ya mke haikuandikwa popote, kwa hiyo kwenye hesabu ilionekana chakula kina faida kubwa. Haikuwa faida, ilikuwa jasho la mwanamke ambalo halikupigiwa bei. Tatu, kile kikao kabla ya kufungua mlango, ukiongoze wewe, na shemeji akae asikilize kama wenzake.

Kuhusu sahani kumi na mbili mnazotaka kumletea kila mgeni, sitaki kuwavunja moyo. Dar kuna watu watalipa. Lakini anzeni na sita. Umeme ukikatika katikati ya sahani ya tisa mtamwambia nini mtu aliyevaa suti?

Nimemwambia baba watoto tutakuja mkishafungua, siyo siku ya ufunguzi maana siku hiyo ni ya wanasiasa na wapiga picha. Tutakuja siku ya kawaida, katikati ya wiki, tulipe bili yetu kama wageni wengine, na usinitambulishe kwa wahudumu. Nataka nione kama watanijua wenyewe.

Filamu itafuteni muione wote wawili, tena mkae kochi moja. Halafu nitumie menyu mliyofikia pamoja na bei za manunuzi, nikukokotolee gharama ya kila sahani kabla hamjachapisha. Na huyo pweza wa shemeji asipangiwe bei mpaka nione risiti.

Wasalimie wote nyumbani, mama mkwe wako zaidi.

Ni mimi shoga yako,
wa Tanga