Shukrani kwa muuza madafu wa Mama Ngina

Kaka yangu wa madafu, jina lako sikulipata, ndiyo maana nakushukuru hadharani. Jumamosi tulikuwa bustani ya Mama Ngina, Mombasa, kwenye tamasha la ngoma za kienyeji, jua la Kaskazi likichoma na mahema yote yamejaa. Ngoma ya sengenya ilipopamba moto, mama yangu alishikwa na kizunguzungu, jasho likamtiririka, miguu ikamwisha nguvu.

Uliacha mkokoteni wako na wateja wamesimama. Ulimshika mama ukamlaza chini ya mbuyu, ukamwinulia miguu juu ya kreti. Ukalowesha leso yake kwa maji ya ndoo yako, ukanionyesha nimkande shingoni na makwapani huku nikimpepea. Dafu hukumpa mpaka alipoweza kukaa na kuzungumza, na hata hapo ulimnywesha funda moja moja: "Taratibu, mama, hakuna haraka." Wengi wangemmiminia tu mdomoni. Kisha ukatuitia tuktuk, na pesa ya dafu ukaikataa katakata.

Mama hajambo sasa. Wenzangu mnaokwenda ngomani na wazee, bebeni maji na mwavuli, na mkimwona mtu anayumba juani, msimpite. Kaka, Mola akuzidishie riziki. Mama anakuombea kila swala.